Njia ya Chai: Familia Tano Kutoka Pwani Hadi Kisii na Nyamira



Chai tunayoandalia mahamri kila asubuhi ina safari ndefu nyuma yake. Huchumwa kwa mkono milimani, husagwa na kukaushwa huko huko, kisha hushushwa hadi maghala ya Mombasa kungojea mnada. Mnada huo ulianza Nairobi mwaka 1956, ukahamia Mombasa baadaye, na leo ni miongoni mwa minada mikubwa zaidi ya chai duniani. Sehemu ya chai inayopita hapo hutoka Kisii na Nyamira, kaunti mbili jirani za watu wa Gusii, upande wa pili kabisa wa nchi yetu. Ni wachache mno kati yetu watu wa pwani waliowahi kuiona ikiwa bado majani.

Milima hiyo haikutushushia chai peke yake, bali imetushushia walimu pia. Katika shule nyingi za pwani, kizazi chetu kilifundishwa hesabu na jiografia na walimu waliotoka Gusii, waliokuja wakiwa vijana wasiojua ladha ya nazi, wakaondoka na mvi zao wakizungumza Kiswahili cha kwetu. Mmoja wao ndiye aliyetufanya tufunge safari. Alifundisha Likoni zaidi ya miaka thelathini, akastaafu, akarudi kwao Nyamira. Kila Idd alikuwa akituma salamu, na kila mara alimaliza kwa maneno yale yale: "Mimi nilikuja kwenu. Ninyi mtakuja lini?"

Likizo ya Agosti ilipokaribia, familia tano tulikubaliana kwenda. Watatu kati yetu tulikuwa wanafunzi wake. Kilichorahisisha makubaliano ni kwamba familia zote tano zinamiliki magari ya aina moja ya uendeshaji, yale yanayoitwa haibridi, na kwa muda mrefu waume na wake walikuwa wakibishana kama magari hayo yanafaa milimani au ni ya mjini tu.

Magari yenyewe

Kwa msomaji asiyeyafahamu, gari la haibridi ni mseto wa injini ya petroli na mota ya umeme inayolishwa na betri kubwa. Halichomekwi ukutani. Umeme wake hujitengenezea lenyewe: dereva anapokanyaga breki au anapoteremka, mota ile ile iliyokuwa ikisukuma magurudumu hugeuka kuwa jenereta, na nguvu ambayo katika gari la kawaida ingepotea kama moto wa breki huingia betrini. Gari la kwanza la namna hii kuuzwa kwa wingi, Toyota Prius, lilianza kuuzwa Japani Desemba 1997. Siku hizi barabara zetu zina Prius, Aqua, Fit, Vezel na mengine mengi, karibu yote yakiwa yametumika Japani kabla ya kushushwa bandarini Mombasa, kwani sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika lenye umri wa zaidi ya miaka 8. Kwa hiyo bandari ile ile inayopeleka chai ng'ambo ndiyo inayopokea magari haya.

Kabla ya kuondoka tulikaa kikao kimoja nyumbani kwa mkubwa wetu. Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha kwamba watu watatu wakisafiri pamoja wamteue mmoja wao kuwa kiongozi, nasi tuliokuwa ishirini na wawili, watoto wakiwemo, tulimhitaji zaidi. Amiri wa safari akachaguliwa, na mkewe akakabidhiwa mfuko wa fedha. Ikapangwa kwamba gari la dereva mwenye kwenda pole zaidi lifuate mara tu baada ya gari la kwanza, ili msafara wote uende kwa mwendo wake. Kati ya madereva watano wawili walikuwa wanawake, na mmoja wao ndiye aliyekuwa mzoefu wetu wa barabara ya Narok, kwa kuwa mumewe alifanya kazi huko.

Fundi aliyekagua magari alituonya jambo ambalo kina mama ndio walifae zaidi kulijua. Katika mengi ya magari haya kuna tundu lenye vijiti, ubavuni au chini ya kiti cha nyuma, linalovuta hewa ya kupoza betri. Watoto hurundika hapo mablanketi, mifuko na mabuibui ya mama zao. Tundu likizibwa, betri hupata joto, nguvu hupungua, na umri wake hufupika. Basi kila gari likateuliwa mtoto mmoja kuwa mlinzi wa tundu, na kazi hiyo wakaifanya kwa bidii iliyopita kiasi.

Swali la chakula

Jambo zito zaidi katika kikao halikuhusu magari. Mwalimu wetu ni Mwadventista wa Sabato, kama walivyo wengi katika Gusii, na alikuwa ametualika chakula cha mchana nyumbani kwake. Je, tungekula nini?

Baadhi walisema njia salama ni kubeba chakula chetu wenyewe, pilau na kuku tuliowachinja na kuwapika, tukakipasha moto tukifika. Dada mmoja akajibu kwa upole, lakini kwa maneno yaliyotunyamazisha: "Mwalimu alikula sinia zetu miaka thelathini. Leo tumfuate kwake na sinia yetu?" Mwingine akakumbusha kwamba heshima kwa mwenyeji haiondoi wajibu wa kujua tunachokula. Wote wawili walisema kweli, na kwa hiyo kikao kilikwama. Kubeba chakula ni kumwambia mzee huyu, bila ya kutamka, kwamba nyumba yake haitufai. Kutobeba ni kumwachia mzigo wa kujua sheria zetu zote.

Mwisho mama mkubwa kati yetu alichukua simu akampigia Mwalimu mwenyewe, akamweleza bila kuzungukazunguka. Upande wa pili kikasikika kicheko. "Wanangu, mnadhani nilikaa Likoni nimefumba macho? Kuku wako hai, wanawangojea. Njoni na mchinjaji wenu na kisu chenu. Sufuria nimenunua mpya, na mafuta ni ya alizeti. Ila msije Jumamosi, maana hiyo ni Sabato yangu."

Lilikuwa jambo dogo, lakini naliandika kwa ajili ya familia zinazoishi na majirani wa dini nyingine. Mara nyingi huacha mialiko kwa kuogopa kuuliza, na mwenyeji hubaki akidhani amedharauliwa. Kuuliza kwa adabu ni heshima, na mara nyingi mwenyeji analo jibu tayari.

Barabara

Tuliondoka Mombasa Jumamosi baada ya swala ya Alfajiri, tukasoma dua ya safari, tukalala Nairobi. Jumapili asubuhi tukashika njia ya magharibi. Kutoka pwani hadi Kisii ni karibu kilomita 800, na sehemu ya pili ndiyo yenye uzuri.

Baada ya Limuru ardhi hufunguka ghafla, na Bonde la Ufa huonekana chini likiwa na rangi ya majani makavu, mlima Longonot ukisimama katikati yake. Barabara ya zamani huteremka kwa kona nyingi hadi Mai Mahiu, ikipita kanisa dogo lililojengwa na wafungwa wa Kiitaliano wakati wa Vita Vikuu vya Pili. Ni hapa magari yetu yalipotoa somo la kwanza. Katika mteremko mrefu betri hujaa haraka, na ikishajaa haiwezi kupokea zaidi. Mzigo wote huirudia breki. Kwa sababu hiyo watengenezaji wa baadhi ya magari haya wameweka alama ya B kwenye gia, inayoifanya injini ishikilie gari. Amiri alisimamisha msafara juu ya mteremko, akahakikisha kila dereva ameiweka, kisha tukashuka kama mnyororo, malori yakitupita kwa kelele.

Kutoka Mai Mahiu hadi Narok ni uwanda mpana wa Wamaasai, ng'ombe na upepo. Narok tuliswali Adhuhuri na Alasiri, tukikusanya na kupunguza, katika msikiti wa mjini. Baada ya Narok nchi huanza kupanda na kubadilika rangi: mashamba ya ngano, kisha Bomet na mahindi, kisha Sotik na chai ya kwanza. Watoto waliokuwa wamelala waliamshwa na mama zao waione. Chai kutoka mbali hufanana na zulia lililonyoolewa kwa mkasi, kijani kisicho na vumbi, na kwa macho yaliyozoea minazi na michongoma ni kitu cha kushangaza.

Keroka ndio mlango wa Gusii. Mji huo umekaa mpakani, nusu ukihesabiwa Kisii na nusu Nyamira. Kutoka hapo kupita Keumbu hadi mjini Kisii barabara hupinda juu ya migongo ya vilima, na pande zote hakuna kipande cha ardhi kilicholala bure. Migomba imekaribia milango ya nyumba. Mahindi yamefika ukingoni mwa lami. Chai, mboga, parachichi na miti ya mbao vimegawana kiwanja kimoja. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 1,266,860 katika Kaunti ya Kisii na 605,576 Nyamira, katika nchi ndogo kiasi kwamba Kisii ina karibu watu 1,000 kwa kila kilomita ya mraba. Mvua hunyesha karibu mwaka mzima na udongo ni mwekundu na mnono, lakini kila kizazi kinagawa shamba la baba yake vipande vidogo zaidi. Hapo ndipo mtu anapoelewa kwa nini vijana wa huku walitoka kuja kufundisha, kufanya biashara na kutafuta riziki miji ya mbali, na Likoni mojawapo.

Mjini Kisii na bibi aliyepita kabla yetu

Mji wa Kisii uko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,700 juu ya bahari. Wenyeji wana majina mengine ya kuuita, Getembe na Bosongo. Ni mji wenye msongamano, bodaboda, soko linalofurika ndizi, na pia adhana, kwani kuna msikiti wa Jamia na jamii ya Waislamu wa siku nyingi, wakiwemo Wanubi ambao wazee wao waliletwa huku na jeshi la Kiingereza. Tulipoingia Magharibi, dada mmoja wa hapo alitufungulia upande wa wanawake, akatuuliza habari za Mombasa kana kwamba anauliza habari za nyumbani kwa shangazi.

Usiku ule mkubwa wetu aliwasimulia watoto habari mbili ambazo kila mtoto wa pwani anastahili kuzisikia akiwa Kisii. Ya kwanza ni ya Moraa, bibi wa Gusii aliyejulikana kwa tiba na utabiri, ambaye aliwahimiza vijana wasikubali kutawaliwa. Mwaka 1908 kijana Otenyo alimchoma mkuki afisa wa Kiingereza aliyeitwa Northcote. Afisa hakufa, lakini jeshi lilikuja, vijiji vikachomwa na ng'ombe wakatekwa.

Ya pili ni ya bibi wa kwetu. Mekatilili wa Menza alipowaapisha Wagiriama wakatae kodi na kazi za kulazimishwa, Waingereza walimkamata mwaka 1913, pamoja na Wanje wa Mwadorikola, wakawapeleka mbali magharibi mwa nchi ili wasahaulike. Masimulizi mengi yanataja jela ya Kisii, mengine Mumias. Mwaka 1914 wawili hao walitoroka, wakarudi pwani kwa miguu. Mtoto mmoja wa kike, aliyekuwa akilalamika mgongo tangu Narok kwa kukaa kitini, aliuliza: "Njia yote hii? Kwa miguu?" Akaambiwa, njia yote hii, tena bila lami wala mwenyeji wa kumpigia simu. Hakulalamika tena hadi tuliporudi.

Nyamira: majani mawili na kichipukizi

Jumatatu asubuhi tulikwenda Nyamira, safari isiyofika saa moja. Hewa ilikuwa baridi kiasi cha kina mama kujitanda kanga juu ya mabuibui. Mpwa wa Mwalimu alitupokea kwenye shamba lake la chai, akatuonyesha kazi ilivyo. Mchumaji huchukua majani mawili na kichipukizi katikati, hutupa begani hadi kikapu cha mgongoni, na mikono miwili hufanya kazi pamoja bila kusimama. Watoto wetu walijaribu kwa nusu saa, wakajaza kisichofika nusu ya bakuli.

Majani hayangoji. Lazima yafike kituo cha kununulia siku hiyo hiyo, yapimwe, yapandishwe lori hadi kiwandani. Huko hunyaushwa, hukatwakatwa, huachwa yageuke rangi, kisha hukaushwa. Zaidi ya kilo nne za majani mabichi ndizo zinazotoa kilo moja ya chai tunayoijua. Viwanda kama Kebirigo, Sanganyi, Tombe na Nyansiongo hupokea majani ya wakulima wadogo walio chini ya shirika la KTDA. Mkulima hulipwa kidogo kila mwezi kwa kilo alizopeleka, na mara moja kwa mwaka hupata nyongeza iitwayo bonasi, ambayo ndiyo hulipa karo na kuezeka nyumba.

Tulipouliza ni nani hasa anachuma, mpwa alicheka akatuelekeza kwa macho: mkewe, dada yake na jirani wawili, wote wanawake. Tulipouliza nambari ya mkulima imeandikwa jina la nani, mkewe ndiye aliyejibu, "La bwana." Hakusema kwa uchungu, wala mumewe hakukasirika. Lakini wanawake wa pwani waliokuwa pale walitazamana. Dini yetu imempa mwanamke haki ya kumiliki chumo lake, na bado wengi wetu tunajua maduka na viwanja vya pwani ambavyo mwanamke huvifanyia kazi na mwanamume huviandika. Hatukuwa na la kuwafundisha wenyeji wetu, bali tulikuwa na la kufikiria wenyewe.

Kabla ya chakula tulipanda hadi ukingo wa Manga. Hapo ardhi hukatika kama ukuta, na chini yake huonekana mji wa Kisii na vilima vinavyofuatana hadi macho yachoke. Ukungu ukiondoka, wenyeji husema, Ziwa Victoria huonekana. Siku ile haukuondoka wote, lakini tuliloliona lilitutosha. Mzee mmoja aliyekuwa akichunga ng'ombe wawili alizunguka magari yetu mara mbili akisikiliza. Hatimaye aliuliza gari linakula petroli au linakula stima. Alipoambiwa kwamba likipanda linakula petroli na likishuka linajirudishia stima, alitafakari, akasema basi hilo ni gari la mtu wa Gusii, kwa maana huku hakuna kupanda kusiko na kushuka.

Mezani kwa Mwalimu

Nyumba ya Mwalimu iko mwisho wa njia ya udongo, kati ya migomba na mstari wa chai. Alikuwa amesimama mlangoni, amepungua mwili, lakini sauti ni ile ile. Watu wazima wenye watoto walimwinamia, "Shikamoo Mwalimu," naye akawaita mmoja mmoja kwa jina na kwa jina la baba, kama asubuhi ya kuita rejista. Mmoja wetu aliyekuwa akipata sifuri za jiografia aliulizwa mji mkuu wa Zambia kabla ya kuruhusiwa kuketi.

Mchinjaji wetu alifanya kazi yake nyuma ya nyumba, na wanawake wakaingia jikoni pamoja na dada zake Mwalimu. Kuku walipikwa kwa namna mbili, sufuria moja ya tui la nazi tuliyobeba kutoka pwani, nyingine ya kienyeji yenye mchuzi mwepesi. Kulikuwa na mgagani, ambao wao huuita chinsaga na huuchemsha kwa maziwa hadi uchungu wake upole. Kulikuwa na mnavu. Kulikuwa na obokima, ugali wa wimbi mwekundu, ulioletwa katika kikapu kidogo cha kusukwa kiitwacho ekee. Na kulikuwa na maziwa ya mgando, amabere amaruranu, kwenye kibuyu. Mezani hapakuwa na kitu cha kutufanya tusite, kwani Waadventista nao hawali nguruwe wala hawanywi pombe.

Wanaume waliketi upande mmoja na wanawake upande wa pili, na hakuna aliyehitaji kuagiza hivyo. Wagusii wana desturi zao za haya na heshima baina ya vizazi na wakwe, wanazoziita chinsoni, zinazosema nani aingie nyumba ya nani na nani aketi na nani. Mama mmoja wa Mombasa alipoelezwa, alisema: "Kumbe mna yetu." Dada yake Mwalimu akamjibu: "Au ninyi mna yetu."

Vicheko vilizidi pale mjukuu wa Mwalimu alipomkimbilia mamake akimwita, "Baba! Baba!" Watoto wetu walipigwa na butwaa. Katika Ekegusii, baba ni mama, na tata ndiye baba. Kwa siku zote zilizobaki watoto waliwaita mama zao baba, nasi tukaitika.

Wakati wa swala ulipofika, Mwalimu alitufungulia chumba kilichofagiliwa na kutandikwa mikeka mipya. Akanyoosha mkono kuelekea kaskazini, kisha akausogeza kidogo mashariki. "Kule Likoni," alisema, "nikifundisha dira, niliwaambia watoto kaskazini ni mnakoswalia, na hawakuisahau. Lakini hapa tuko magharibi zaidi. Nimepima kwenye ramani. Hapa mwelekee kidogo kulia." Alikuwa amesema sawa. Makka iko karibu kaskazini moja kwa moja ukiwa Mombasa, na ukiwa Nyamira huegemea mashariki kidogo. Mwanamke asiyeswali swala yetu alikuwa amekaa na ramani na rula ili wageni wake wasikosee kibla. Baada ya salamu ya mwisho hakuna aliyeinuka upesi.

Kabla hatujaondoka, mama mkubwa wetu alimshukuru kwa niaba ya wote, hasa kwa jambo ambalo tulilijua tukiwa watoto bila kulielewa: kila Ramadhani Mwalimu alikuwa akinywa chai yake ndani ya stoo ya vitabu, mlango umefungwa, ili wanafunzi waliofunga wasimwone. Alijibu kwa ufupi. "Nilikula Idd kwenu miaka yote ile. Leo mmekula kwangu. Sasa tuko sawa."

Tabaka na mawe yake

Jumanne tulikwenda Tabaka, kusini mwa Kisii, yalikochimbwa mawe laini yanayouzwa katika maduka ya watalii ya Mombasa na Malindi. Wanaume huchimba na kuchonga. Wanawake huketi mbele ya mabeseni ya maji wakisugua kwa msasa hadi jiwe ling'ae, na maji husaidia kutuliza vumbi. Rangi ni nyeupe, kijivu, waridi na manjano. Sanamu za wanyama tuliziacha, tukanunua sahani, mabakuli na visanduku. Kina mama walimwuliza mchongaji kama angeweza kutengeneza chetezo cha ubani. Hakuwa amewahi kukiona. Wakamchorea umbo lake mchangani, akakitengeneza mbele yetu, na kwa kuwa jiwe hili huvumilia moto, kimefika pwani na kinafanya kazi yake.

Kwa familia zinazokusudia kwenda

Kuna mambo machache tuliyoyaona kuwa na faida. Msiende kwa siku moja kutoka pwani, laleni Nairobi. Anayenuia kukaa chini ya siku nne kamili, mbali na siku ya kufika na ya kuondoka, hubaki msafiri kwa madhehebu yetu ya Shafi, na hupunguza swala. Bebeni nguo za baridi na miavuli, kwani mvua ya alasiri hunyesha hata Agosti. Msipange kununua au kula nje Jumamosi bila kuuliza. Mkiwa na gari la haibridi, kumbukeni kwamba likienda pole halitoi sauti, na watoto na kuku wa vijijini hawalisikii. Pigeni honi taratibu. Mlimani hula petroli zaidi kuliko mjini, na mteremkoni hurudisha sehemu yake, hairudishi yote. Ubishi wa waume na wake umemalizika kwa sare.

Kubwa zaidi ni hili. Wengi wetu tuna mwalimu, muuguzi au jirani aliyetoka bara, aliyekaa nasi miaka mingi, akaheshimu saumu zetu na kuhudhuria harusi na misiba yetu, kisha akastaafu na kurudi kwao, tusimwone tena. Yeye alikwisha kuja kwetu, na zamu ya kwenda ni yetu. Haihitaji gari la namna yoyote maalumu, mabasi ya Kisii huondoka kila siku. Inahitaji kupiga simu, kuuliza kwa adabu, na kwenda mapema, wakati mwenyeji angali na nguvu za kusimama mlangoni.

Mwenyezi Mungu awalipe kheri wote waliotufundisha, azifanye safari zetu kuwa za salama, na atuunganishe na majirani zetu kwa wema. Amin.